Nawa

Vipande vya sabuni mia nne na kumi na viwili.
Nimevihesabu, ndiyo kazi yangu.
Vimepangwa juu ya meza nyeupe, kila kimoja na namba yake,
na kila namba iliwahi kuning'inia sikioni
kwa hereni ya plastiki ya manjano.
Msanii, Tove Brinkholt, hakuchonga chochote:
aliyeyusha shahamu ya nguruwe, akamimina, akangoja igande.

Pembeni ameweka bomba, karai, na bango: NAWA.
Mimi mlinzi nimeagizwa niseme: Tafadhali, usiguse.
Hakuna aliyeuliza amsikilize nani.
Wageni wa Kopenhagen, makoti ya sufu mikononi,
wanainama, wananusa, wanatikisa vichwa
kama watu waliofika msibani bila kumjua marehemu.

Hawajui kwamba ukumbi huu niliujua ukiwa na maji sakafuni.
Penye meza ya tiketi ulipita mnyororo.
Hapo anaponywea divai yule bwana nilisimama mimi, Ejnar,
buti nyeupe, aproni ya mpira, kisu cha inchi sita,
na kila sekunde tisa mmoja alinijia
miguu juu, kichwa chini.
Sikuwachukia.
Januari, upepo wa Jutland ukipenya chini ya mlango,
niliweka viganja kwenye mbavu zao
kuvipasha joto,
kisha nikaendelea.

Kati ya mnyama na nyama ni herufi moja.
Niliajiriwa kuifuta.

Leo asubuhi walikuja watoto wa shule.
Mmoja, pengo mbele, jina Signe kwenye kibandiko,
akanivuta mkono wa koti: "Walikuwa wanajua?"
Mwalimu akadakia, "Mlinzi hahusiki na hayo."
Nikampa ukweli mdogo:
walipenda kukunwa nyuma ya masikio.
Ule mkubwa nikaubakiza mdomoni
kama mfupa mezani kwa watu.

Husemwa mkuki kwa nguruwe ni mtamu.
Nguruwe hajaulizwa.

Saa kumi na mbili jioni nikafunga milango,
nikazima taa zote isipokuwa ya karai.
Nikachukua kipande, namba mia tatu sabini na saba,
sikukichagua, kilikuwa ukingoni.
Nikafungua bomba.
Povu likaja jeupe, zito, lenye utii,
na harufu, lo,
harufu niliyoifahamu kabla pua haijaikubali:
chini ya ile ya msonobari, ndani kabisa,
sabuni ya kijani ya bafu la wafanyakazi,
tuliyogawiwa bure kila Ijumaa, vipande viwili viwili.

Miaka ishirini na miwili
niliosha damu yao kwa mafuta yao,
nikarudi nyumbani nikamshika mwanangu shavu.

Dagny alikuwa ameoka nyama, leo Jumapili,
ngozi imekauka, inalia chini ya kisu
kama barafu nyembamba ya dimbwi,
na kabichi nyekundu, na mchuzi wa kahawia.
"Unanukia vizuri," akasema.
Nikaanza na viazi.
Nikaendelea na viazi.
Uma wangu ukauzunguka mnofu
kama mtu asiyejua kama mlango
ni wa kusukuma au wa kuvuta.
"Huumwi?"
"Siumwi."
Akanihamishia kipande kikubwa, chenye ngozi,
kile ambacho kwa miaka yote ni changu.
Nilikula nusu. Siwezi kudanganya.
Kilikuwa kitamu.

Kesho watakuta kipande kimekonda,
na alama ya dole gumba mahali pa namba.
Nitapewa fomu. Naifahamu fomu ile:
tarehe, chumba, kilichoharibika,
na mstari mmoja tu wa sababu.
Nimeufikiria huo mstari kitandani, Dagny akikoroma,
mikono yangu nimeiweka nje ya blanketi.
Nitaandika:
nilisoma bango.